Kanisa la Rabai: shajara ya kijitabu chetu, na makosa yangu humo

Jumamosi, siku ya kwanza

Basi kazi imeanza. Kwa ambao hawakuwepo tukikaa pale Mazeras, tuko watu watano, wote asili yetu Rabai ingawa tumetawanyika Mombasa huku, na tumeamua kutengeneza kijitabu cha historia ya kanisa la Mtakatifu Paulo, kitu cha mtoto wa shule kushika mkononi akizungushwa pale. Mimi ndo nimetwikwa uandishi manake nilifungua mdomo nikasema hii kazi ndogo, kurasa kumi na sita, mwezi mmoja tushamaliza. Hiyo ya mwezi mmoja naiacha hapa hapa ili mje mnicheke.

Sentensi ya kwanza nimeshaiandika usiku huu na nimeipenda: "Kanisa la Rabai lilijengwa mwaka 1846 na Dakta Krapf." Fupi, safi, kila mtu anaijua. Nalala.

Jumanne

Sentensi imekufa.

Nimekaa na habari za Krapf siku mbili na kila nikisoma naona 1846 si mwaka wa jengo, ni mwaka wa watu wawili wagonjwa kupanda kilima. Johann Ludwig Krapf ni Mjerumani, kazaliwa 1810 huko Württemberg, lakini aliyemtuma ni shirika la misheni la Waingereza, CMS (Church Missionary Society). Alikuwa Uhabeshi kwanza, akafukuzwa, akafika Unguja Januari 1844, Sayyid Said akampa barua ya kumfungulia njia, na Mei akaingia Mombasa na mkewe Rosine ambaye ni mjamzito. Kufika Julai Rosine keshafariki na mtoto mchanga naye akafuata. Miezi miwili tu hiyo jamani. Kaburi lao liko upande huu wetu wa Nyali, nimepita karibu nalo miaka yote nikienda kazini na sikuwahi kusimama.

Kilichonishangaza ni kwamba kabla ya msiba, Juni hiyo hiyo ya 1844, tayari alishaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyekaa naye kumsaidia ni kadhi wa Mombasa, Ali bin Mohedin. Kadhi! Bwana hajamaliza miezi miwili mjini na yuko na kadhi wanasukuma Biblia. Hii lazima iingie, hata wakisema kurasa zimejaa.

Alafu Juni 1846 akaja mwenzake Johannes Rebmann, na Agosti 25 ndo wakahamia Rabai baada ya wazee kuwakubalia wakae. Wote wawili wana homa. Punda ni mmoja. Wakawa wanapokezana, huyu akipanda yule anatembea, yule akichoka huyu anashuka, mpaka juu. Ukiijua ile njia ya kupanda kutoka upande wa bahari, na jua la mchana, unaweza kumuonea huruma hata yule punda.

Kwa hiyo 1846 ni misheni kuanza. Jengo la Mtakatifu Paulo tunaloliona leo ni la miaka ya 1880 huko. Yaani sentensi yangu fupi ilikuwa na mwaka si wake na mjenzi si wake.

Alhamisi usiku

Hiki nimekicheka peke yangu kwenye matatu. Krapf mwenyewe kasimulia, siku za mwanzo kabisa anawahubiria watu kama kumi na tano hivi, anawaeleza Jumapili ni nini, kumaliza tu mzee mmoja akamwambia wazi kwamba kama anataka watu waje basi kila mara atoe mchele na ng'ombe, kwa sababu hakuna mtu huku anayekwenda kwenye maneno bila kula. Maneno ndo lilikuwa neno lao la baraza la wazee. Na mzee wa watu hakuwa mroho, alikuwa anamfundisha utaratibu! Baraza lina chakula chake, mpaka leo nenda kikao chochote cha arusi uone kama watu watakaa na chai kavu.

Mwenzetu mmoja kwenye gurupu anasema nisiiweke, ati inawavunjia wazee heshima. Mimi naona inawapa heshima, wao ndo walikuwa wenye mji na mgeni ndo hakujua adabu. Tunapiga kura Jumapili.

(Nimeshinda, tatu kwa mbili.)

Jumamosi, Rabai

Leo nimekwenda kwa miguu yangu. Gari hadi Mazeras, pikipiki hadi juu, picha kibao kwenye simu, tayari imejaa.

Kitu ambacho sikuwa nimekielewa vizuri ni kwamba Rabai ya 1846 na Rabai ya kanisa si kiwanja kimoja. Krapf anaandika "Rabbai Mpia", na mimi nilikuwa naisoma kizunguzungu tu mpaka mjomba akaniambia sema polepole. Rabai Mpya. Mji mpya. Kwa Kirabai ni Mudzi Muvya, na Mudzi Muvya ni kaya, yaani ule msitu mtakatifu wa wazee. Ndo ilipoanzia, mlangoni mwa kaya, chini ya wazee wa kaya. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1850, kituo kikahamia Kisulutini, na kanisa na nyumba za wamisionari zote ziko kwenye misheni hii ya baadaye.

Nikaomba nipelekwe hadi ukingo wa kaya. Mzee aliyetupeleka ni wa pale, hakuongea sana, akatuvulisha viatu akasema simu ziingie mfukoni, kwa hiyo sina picha na wala siombi radhi. Ardhi ya kule ndani ni baridi, unakanyaga majani yaliyooza yana unyevu hata kama nje vumbi linapeperuka, na sauti ya pikipiki za barabarani inakatika ghafla kama mtu kafunga mlango. Nikamuuliza, mzee, kwani waliwakaribishaje wazungu karibu na mahali kama hapa. Akasema, "Walikuja wanyonge. Mgeni mnyonge hafukuzwi." Akanyamaza, na sisi tukanyamaza.

Kaya tatu za Rabai, yaani Mudzi Muvya, Bomu na Fimboni, ziko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Nimeandika kijitabu kianze kaya, kisha ndo kiende kanisani. Najua kuna mtu atanuna.

Jumatatu

Hakuna kazi. Flashi iliyokuwa na picha zote za Jumamosi niliiacha kwa saiba moja nikachapishiwe mbili tatu, kurudi naambiwa ilikuwa na virusi wakaifomati "kunisaidia". Nimesaidika sana. Picha zilizobaki ni zile nilizotuma kwenye gurupu, na zile nilituma za kuku.

Baadaye kidogo, sikumbuki siku

Rebmann. Huyu ndo nataka kumpa ukurasa mzima na wenzangu hawaelewi kwa nini.

Kila mtoto anajua aliona theluji ya Kilimanjaro Mei 11, 1848 na mabwana wa jiografia kule London wakamcheka, na kwamba Krapf akaiona Mlima Kenya Desemba 1849 akiwa Ukambani. Hayo yamo vitabu vya shule, mistari miwili yatosha. Kinachonishika ni yale yaliyofuata. Krapf akaondoka 1853, afya imemshinda, akarudi tena 1862 mara moja kuwasaidia Wamethodisti kuanza misheni yao ya Ribe, basi. Rebmann akabaki. Akabaki mpaka 1875! Miaka ishirini na tisa tangu ashuke melini. Alimuoa mjane Emma Tyler, akaja naye, na Emma akafariki huku 1866. Yeye akaendelea na kamusi zake, akapofuka macho, na waumini aliokuwa nao baada ya miaka yote hiyo ni wachache mno, ungeweza kuwakalisha kwenye benchi zisizozidi tatu nne za kanisa la leo.

Wa kwanza kabisa alikuwa Mringe, mlemavu, kabatizwa akiwa mahututi 1851. Nimekaa na hilo. Mkristo wa kwanza wa Rabai hakuwahi kwenda kanisani hata mara moja baada ya ubatizo wake.

Na Rebmann alipokubali kurudi Ujerumani, kipofu, aliyemshika mkono safari nzima hadi Ulaya ni kijana wa huku huku, Isaac Nyondo. Rebmann akafariki mwaka uliofuata, 1876, Korntal. Nyondo akarudi nyumbani. Hebu fikiria huyo Nyondo anavyorudi kusimulia baraza la jioni kuhusu treni na baridi ya kule. Hiyo hadithi ndo ningeilipia.

Jumapili, kwa nyanya

Nimekwenda Kisauni kwa nyanya, mama yake mama, nimsomee rasimu. Nyanya ana miaka tisini na kitu na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Kasikiliza yote, Krapf, Rebmann, punda, kaya, kadhi. Nikamaliza. Akasema, "Vizuri. Na sisi?"

Nikamuuliza sisi akina nani.

Akanitazama hivi, akaniambia mwanangu wee, upande wa baba yako ni Warabai wa kaya, lakini mimi ni Mmisheni. Unajua Wamisheni ni nani au umekulia Mombasa bure?

Nilikuwa najua na sikuwa najua, manake hili ni lile jambo ambalo kila mtu nyumbani analijua hivo hivo tu bila kulisema. Kwa wasiojua: watu waliokamatwa bara wakauzwa, majahazi yao yakashikwa na manowari za Waingereza baharini, wengine wakapelekwa Bombay, na kule Nasik kulikuwa na shule ya misheni ya Sharanpur ambako vijana walisomeshwa ufundi na dini na Kiingereza. Kisha wakarudishwa pwani hii kusaidia misheni. Wakaitwa Waafrika wa Bombay. Wawili wao, William Jones na Ishmael Semler, walikuja Rabai kwa Rebmann tangu 1864. Jacob Wainwright aliyefuatana na maiti ya Livingstone hadi Uingereza naye alisoma Nasik. Na 1875 CMS ikaanzisha Freretown ya walioachwa huru, chini ya William Salter Price, mzee yule yule aliyewalea kule Nasik, jina likatokana na Sir Bartle Frere. Ile kengele yao ndo imezaa Kengeleni, ambapo sasa watu wanasema tu "nishushe Kengeleni" na hawainui macho kuitazama.

Sasa jiulize, miaka ishirini na tisa ya Rebmann benchi chache, alafu mwisho wa miaka ya 1880 panahitajika kanisa kubwa. Nani alilijaza? Nimeshika rasimu yangu, kurasa kumi na mbili za wazungu wawili na mbili za wengine wote. Nimerudi nyumbani nikaanza upya, na mwezi mmoja wenu huo umeisha leo, chekeni.

Jumatano, usiku wa manane

William Jones. Kwa nini huyu mtu hana barabara?

Mei 1885 Askofu James Hannington aliwapa yeye na Semler ushemasi, Waafrika wa kwanza wa kanisa hili kupewa daraja hiyo kwenye nchi ambayo leo ni Kenya. Mwezi wa saba Hannington akafunga safari kwenda Buganda kwa njia ya Umasaini, na Jones akaenda naye. Walipofika Kwa Sundu, karibu na Mumias, askofu akachukua watu kama hamsini akatangulia, Jones akaachwa na msafara mkubwa asubiri. Akasubiri. Wakarudi watu wanne. Hannington alikuwa ameuawa Busoga mwishoni mwa Oktoba, na hao wengine pia.

Jones ndo akaurudisha msafara hadi pwani, mamia ya maili na wapagazi waliokata tamaa. Wakaingia Rabai mwanzoni mwa Februari 1886 wamebeba bendera ya kitambaa cha buluu, na juu yake kwa herufi nyeupe neno moja: ICHABOD.

Jumapili ya pili, sande skuli

Nimejaribu hadithi hizi kwa watoto, tuone zipi zinasimama. Punda imesimama, bila shaka. Wakafanya hesabu kabisa, kama njia ni ndefu hivi na kila mtu apande nusu, na mmoja akasema ingekuwa bora apande yule mwenye homa kali zaidi, ikawa mjadala wa nani kapimwa.

Bendera nilidhani haitawashika. Nikawaandikia ubaoni, IKABODI, nikauliza ni nani. Kimya. Msichana wa mbele akasema ni jina la mtoto kwenye Samweli, mama yake alijifungua siku waliposikia sanduku la agano limetekwa, akamwita hivo, utukufu umeondoka. Ana miaka kumi na moja. Alafu kijana wa nyuma akauliza, sasa nani alishona ile bendera? Msafara mzima wako porini, wameishiwa, kitambaa cheupe walikata wapi?

Sikuwa na jibu na sijalipata, lakini tangu siku hiyo kila nikifikiria ile bendera naona mtu kakaa chini na sindano.

Ijumaa

Watoro. Hapa ndo nimekaa wiki nzima na hapa ndo mkataji wa gurupu anataka nifupishe, sifupishi.

Rabai ilikuwa pazuri kukimbilia. Iko juu, iko karibu na mashamba ya Mombasa, na Jones yuko pale, ambaye mwenyewe aliwahi kuuzwa. CMS kwa makaratasi ilikuwa imekataza kuwapokea watumwa waliotoroka, manake wenye watumwa walikuwa wanatishia kuja kuchoma misheni, na sheria ya Sultani ilikuwa upande wao. Makaratasi ni makaratasi. Mtu anafika usiku, miguu ina michubuko ya minyororo, unamwambia nini? Wakapokelewa, wakapewa pa kulima, wakaoana, watoto wakaingia darasani. Price aliporudi 1888 akakuta ni mamia kwa mamia, kichwa kikamuuma.

Kampuni ya IBEA (Imperial British East Africa), ile ya Waingereza, ndo ilikuwa inaingia pwani mwaka huo, na msimamizi wake George Mackenzie hakutaka kuanza na vita, kwa hiyo akapatana na wenye watumwa walipwe fidia. Tarehe 1 Januari 1889, Rabai, watu wakaitwa wakapewa hati zao za uhuru, na hesabu ya wote kwenye misheni za huku ilikuwa kama 1,400.

Mtu aangalie vizuri aliyelipwa ni nani. Aliyelipwa ni mwenye kuwafuga. Wao walipewa karatasi. Sisemi karatasi ni kitu kidogo, nyanya anasema mamake alimwambia kuna waliolala nazo kifuani mpaka zikachanika kwenye mikunjo. Nasema tu pesa ilielekea wapi.

Basi kanisa la miaka ya 1880 lilijazwa na hao. Yao, Nyasa, Giriama, Makua, Warabai wachache, watu wa kila upande wanaelewana kwa Kiswahili kwa sababu hawana lugha nyingine ya pamoja. Krapf alihangaikia Kiswahili kwenye daftari, kamusi yake kubwa ikatoka 1882, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Waliokuja kukiimba kanisani Rabai ni watoro.

Nimefuta sentensi ya kwanza kwa mara ya nne. Sasa inasema: "Misheni ya Rabai ilianza 1846 karibu na kaya ya Mudzi Muvya, kwa ruhusa ya wazee." Haina utamu lakini hakuna pa kuikamata.

Miezi minne baadaye (ndiyo)

Nakala hamsini zimetoka. Ukurasa wa kumi na moja umechapwa kichwa chini, mchapishaji anasema ndivyo faili lilivyokuja, mimi nasema faili ninalo. Tunazigawa hivo hivo.

Nilimpelekea nyanya ya kwanza. Kafika kwenye 1,400 akaniwekea kidole pale pale, akauliza majina yao yako wapi. Krapf jina lake nimelihesabu, liko mara thelathini na moja. Kwa hiyo kwenye nakala ambazo hatujazigawa tumeongeza ukurasa mmoja mtupu, mistari tu, juu umeandikwa "Wazee wetu", kila nyumba iandike wanaowakumbuka kisha irudishe nakala tukopi.

Leo imerudi ya kwanza, kutoka nyumba moja ya Kisulutini. Majina manne kwa biro. La tatu limekatwa likaandikwa upya juu yake, na pembeni kwa mwandiko mwingine, wa hasira kidogo: "Sio hivyo, muulizeni shangazi."